Kumtoa Kuka Ngomeni

Nilipokuwa mtoto, babu yangu alikuwa na vifo viwili. Ukimwuliza baba, babu alifia vitani, mbali sana, akiwa amevaa sare. Ukimwuliza Kukhu, yaani nyanya yangu, na ilibidi umwulize baba akiwa hayupo, alifia Mombasa katika jela ya mawe iliyo kando ya bahari, baada ya kufungwa kwa kumpiga kofi msimamizi wa Kizungu wa reli. Mimi nilikipenda zaidi kifo cha Kukhu kwa sababu kilikuwa na kofi ndani yake.

Tulikaa Nairobi, nyuma ya Adams Arcade, katika zile nyumba ambazo Wazungu walianza kuzihama baada ya Uhuru, na baba alikuwa karani katika ofisi moja mjini. Alikuwa mtu wa tai na viatu vinavyong'aa. Kila asubuhi alishika basi la Ngong Road akiwa na gazeti kwapani, na kila jioni alirudi nalo likiwa limekunjwa vilevile, hata mama akawa anamtania kwamba analipeleka kazini likatembee. Nilimpenda sana. Lakini kulikuwa na neno moja ambalo hukuweza kulitaja mbele yake, nalo ni jela.

Mwaka ambao nilikuwa darasa la saba, mama alijifungua mtoto wa kiume, na Kukhu akaja kutoka Bungoma kumsaidia kulea. Alifika na kuku wawili hai ndani ya kikapu na mkungu wa ndizi ambao sijui aliupandishaje kwenye gari la moshi. Baba alikuwa amekwisha kumpa mtoto jina la Wilson, kwa heshima ya mkubwa wake wa ofisini, na mtoto alikuwa amebatizwa. Na mtoto huyo alilia. Sisemi alilia kama watoto wanavyolia. Alianza alfajiri, akapumzika kidogo kunyonya, akaendelea, mpaka jirani akagonga mlango kuuliza kama kuna mtu ameungua. Akaanza kukonda. Mama alimpeleka kliniki akapewa dawa ya chupa, mtoto akainywa na kulia.

Kukhu alimtazama kwa siku chache bila kusema kitu, na kwa mtu anayemjua Kukhu hiyo peke yake ilikuwa habari. Kisha jioni moja, baba akiwa mezani, akaweka sufuria chini.

"Huyu mtoto si mgonjwa," akasema. "Analia jina."

"Mama, tafadhali," baba akasema. "Mtoto amebatizwa."

"Sijasema mumtoe ubatizo. Mmempatia jina ya mzungu wa ofisi, na mwenye jina yuko huko anangoja."

"Basi tumwongeze jina la baba, yaishe."

Hapo Kukhu akatikisa kichwa kwa huzuni ambayo sijaisahau. "Haiwezekani, Wanjala. Huwezi kupatia mtoto jina ya mtu bado amefungwa."

Baba akainuka na kutoka nje na chakula chake kikabaki mezani. Mama akamfunika mtoto. Mimi nikabaki nikimwangalia Kukhu, na nikaona kwamba kwake yeye hiyo haikuwa hadithi ya watu wa zamani. Mume wake alikuwa Mombasa, ndani ya ukuta, tangu baba akiwa mtoto wa kuchunga ndama. Habari za kifo zilikuja kwa mdomo wa mfungwa aliyeachiliwa, na hakuna mwili ulioletwa, wala shati. Mtu ambaye hakuzikwa kwao, kwa hesabu ya Kukhu, alikuwa bado anatumikia kifungo.

Sasa sikilizeni jinsi mambo yanavyokutana. Muhula huohuo shule yetu ikatangaza safari ya Mombasa kwa darasa la saba, kwenda kuona bandari, na pwani, na ile ngome kongwe yenye minara ambayo tulikuwa tukiisoma katika historia. Nilipofika nyumbani nikiimba, Kukhu alikuwa jikoni anachambua kunde. Aliuliza swali moja tu, kama ngome hiyo ndiyo ile iliyokuwa jela. Nilimwambia ndiyo, Mwalimu amesema wafungwa waliondolewa miaka michache tu kabla ya Uhuru na sasa watu wanaingia kutazama.

Mikono yake ikasimama. "Mlango uko wazi?"

"Uko wazi, Kukhu."

"Na mtu akiingia anatoka?"

"Anatoka."

Akafunga mlango wa jikoni, akaniketisha kwenye kigoda na kunipa kazi. Nipande mahali pa juu kabisa, pale ambapo askari walikuwa wakisimama kulinda, nimwite Kuka, yaani babu, kwa jina lake. Nimwambie mimi ni nani na kwamba kifungo kimeisha. Niokote jiwe dogo la hapohapo, kwa sababu mtu anahitaji kitu cha kushika safarini. Na kila tutakapovuka maji nimwambie.

"Roho ya mtu haivuki maji hivi hivi," akasema. "Inasimama kwa ukingo, inangoja kuambiwa. Ukinyamaza, inabaki hapo. Na hapo hatuna mtu tena wa kutuma."

"Nitamwambia kwa lugha gani?" nikauliza, maana Kibukusu changu kilikuwa cha kuchekwa.

"Hicho hicho chako cha Nairobi. Atavumilia."

Kisha akaniinamia na kuninong'oneza jina sikioni. Wanawake wa rika lake hawakuwaita waume zao kwa jina, na miaka yote nilikuwa nimemsikia akisema Baba Wanjala tu. Lile jina lilitoka kwenye pumzi yake kama kitu alichokuwa amekihifadhi kwenye leso. Makokha.

Tatizo langu lilikuwa Mwalimu Mutiso. Alikuwa mtu wa Machakos, mrefu, mkavu, mwalimu wetu wa historia na kiongozi wa kwaya kanisani, na hakuna kitu alichokichukia kama ushirikina. Siku moja alimkata mwenzetu uzi mweusi wa kiunoni mbele ya darasa zima, kwa mkasi wa kukatia karatasi, huku akitueleza habari za nuru na giza. Tulimwogopa mpaka kivuli chake. Na ndiye aliyetupeleka Mombasa.

Tuliondoka stesheni ya Nairobi jioni, na asubuhi tukaamka kwenye minazi na joto. Sitasema mengi juu ya bahari. Kila mtoto wa bara ana siku yake ya kwanza ya kuiona, na wengi walipiga kelele. Mimi niliingiwa na hofu kwa sababu Kukhu alikuwa amesema maji, nami nilifikiria mito. Hakunieleza la kufanya na maji yasiyo na upande wa pili.

Ngome yenyewe ilikuwa ya mawe yaliyochubuka, ya rangi ya mkate uliokaa, na kuta zake zilikuwa nene hivi kwamba kuingia langoni kulikuwa kama kuingia pangoni. Mtembezaji wetu alituonyesha mizinga, akatueleza Wareno na Waarabu walivyonyang'anyana mahali pale, nani alizingirwa na nani alikufa kwa njaa. Mwisho akasema kwa kifupi kwamba Waingereza waliigeuza jela, kisha akageukia mambo ya visima. Wenzangu walikuwa wakiandika majina ya manahodha. Mimi nilibaki kwenye ile sentensi yake moja fupi. Nilitazama ule ua wenye jua kali, nikatafuta mahali ambapo mtu wa Bungoma angeweza kukaa kivulini, na sikupaona.

Tulipoachiliwa tupumzike nikapanda ngazi mpaka juu ya ukuta, hadi kwenye mnara wa kona, kijumba kidogo cha mlinzi chenye vitundu vya kuchungulia. Nilikuwa nimefikiri minara ile ilitazama ndani, kwa wafungwa. Kumbe yote ilitazama baharini, kule maadui walikotokea. Hakuna mlinzi hata mmoja aliyejengewa dirisha la kutazama kwetu. Nikatoka nje ya kijumba, nikasimama ukutani, nikageuka nikaipa bahari mgongo, na kwa kukumbuka reli ilikoingilia nikakisia Bungoma iko wapi.

Mara ya kwanza niliita kwa sauti ndogo, ya sala ya mezani. Mara ya pili nikaita kweli.

"Makokha!"

Kunguru wakaruka kutoka ukutani. "Mimi ni Nekesa, wa Wanjala," nikasema kwa Kibukusu changu kibovu. "Kifungo kimeisha. Mlango uko wazi. Twende nyumbani."

Hakuna kilichotokea. Upepo ulikuwa uleule. Lakini nakumbuka niliona haya ghafla, kama mtoto anayesimama mbele ya mgeni mzee ambaye bado hajamsalimu, nikapiga goti kidogo bila kuambiwa na mtu. Kisha nikaokota kipande cha jiwe kilichobanduka ukutani, jeupe, jepesi, lenye vitundu vitundu, nikakifunga kwenye hanchifu.

Nilipogeuka, Mwalimu Mutiso alikuwa amesimama juu ya ngazi.

"Fungua mkono."

Nikafungua. Akaniuliza nilikuwa naongea na nani. Ningeweza kudanganya, lakini nilihisi Kuka yuko pale anasikiliza, na sikutaka jambo la kwanza alisikie kutoka kwangu liwe uongo. Nikamwambia yote: jela, mtoto anayelia, jina, maji. Uso wake haukubadilika.

"Hapa hairuhusiwi kuchukua hata mchanga," akasema. "Na wewe ni Mkristo uliyebatizwa. Tumekuja kusoma historia, Nekesa, si kuongea na hewa."

Akalichukua jiwe pamoja na hanchifu yangu, akavitia kwenye mfuko wa koti. Sikulia. Nilishuka ngazi nyuma yake nikiutazama ule mfuko, nikiwaza kwamba Kuka ametoka jela sasa hivi tu, na ameshikwa tena, na safari hii aliyemshika hata hamjui.

Jioni gari la moshi lilipoanza kuondoka kisiwani, penye maji huku na huku, nikabana mdomo kwenye kioo nikanong'ona, "Kuka, tunavuka." Lakini Mwalimu alikuwa behewa la pili, na sikujua kama sauti inaweza kupita mbao na vyuma vyote vile. Najua sasa mtu mzima angecheka. Nilimwona Wilson na zile mbavu zake zinazohesabika, nikamwona Kukhu mlangoni akiniuliza kama Kuka amevuka. Nikajiapiza nitakaa macho mpaka mto Tsavo, ambao ndio mkubwa. Nikajifinya. Nikahesabu nguzo. Na kama kila mtoto aliyewahi kuapa kukaa macho, nililala fofofo.

Nilipoamka kulikuwa kumepambazuka, na dirishani kulikuwa na nyika ya manjano na pundamilia wamesimama. Nikajua papo hapo. Nikatoka mbio bila viatu kwenye ujia wa behewa, nalia sasa waziwazi, sijui naenda wapi. Mwalimu Mutiso alikuwa kwenye ujia, amesimama dirishani na koti lake mwilini, macho mekundu ya mtu ambaye hajalala.

"Tsavo," nikasema. "Mwalimu, Tsavo!"

"Tulishapita."

Nikashika ukuta. Akatazama upande mmoja wa ujia, akatazama wa pili.

"Nilimwambia," akasema.

Sikuelewa. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa hanchifu yangu. Ilikuwa imekunjwa vizuri kuliko nilivyoikunja mimi.

"Nimemwambia pale tulipotoka kisiwani, na nikamwambia Tsavo. Nimemwambia kwa Kikamba, Nekesa, kwa sababu lugha yenu siijui. Natumaini ameelewa." Akatazama nje, kwenye pundamilia. "Kwetu pia kuna mtu. Kaka yangu. Alienda na jeshi ng'ambo, na huko hakuna treni ya kumleta."

Mpaka leo sijapata maneno ya kueleza nilivyompenda mtu yule wakati ule. Akanipa jiwe mkononi. "Mto Athi uko mbele. Huo ni wako." Na tulipofika darajani nilisema maneno yangu kwa sauti, naye alisimama kando yangu kofia mkononi. Kisha akavaa kofia, akawa tena Mwalimu Mutiso. "Ukimwambia mtu darasani," akasema, "nitakuchapa."

Baba alikuja kunipokea stesheni na tai yake, maana alipaswa kwenda ofisini kutoka pale. Lakini aliponiona, akasema atanifikisha nyumbani kwanza. Tukapanda basi. Mahali fulani kabla ya kufika kwetu barabara hupita juu ya kijito, si kijito cha maana, mfereji uliojipa cheo, lakini mimi sikuwa tayari kubahatisha. Nikainama nikanong'ona.

"Unaongea na nani?" baba akauliza.

"Na Kuka."

Nilingojea kelele. Baba aliinyoosha tai yake. Akatazama watu waliokaa mbele yetu, kama wamesikia, kisha akatazama hanchifu iliyo mapajani mwangu.

"Yuko hapo?"

"Yuko. Nimemtoa jela."

Lilikuwa ndilo lile neno, na nililisema ndani ya basi, mbele ya watu. Baba hakunigombeza. Akanyoosha mkono wake, kiganja juu, nami nikaliweka jiwe pale. Akalifumba. "Mimi nakumbuka viatu vyake tu," akasema polepole. "Siku aliyopanda treni. Nilikuwa nimekaa chini, nikaona viatu." Tuliposhuka Adams Arcade na kutembea kwenda nyumbani, jiwe lilikuwa bado mkononi mwake, na gazeti alikuwa amelisahau ndani ya basi.

Kukhu alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni, na mtoto alikuwa analia. Hakuniuliza mimi kitu. Aliutazama mkono wa baba uliofumbwa. Akanyoosha kitambaa chake kichwani, akavuta gauni lake likae vizuri, na akasema kwa sauti ya kawaida kabisa ya mwanamke ambaye mumewe amechelewa kurudi kutoka sokoni:

"Makokha. Umekawia sana. Ingia ndani."

Baba, mtu wa ofisi, alilia pale mlangoni mpaka majirani wakatoka. Kukhu alimwacha alie. Alikuwa na haraka ya kujua mambo ya safari, na nilipofika kwenye habari ya Kikamba nikaogopa kwamba hapo ndipo kosa lilipo. Akacheka mpaka akaketi.

"Baba Wanjala alikaa na Wakamba kwa reli miaka mingapi? Alikuwa anaota kwa Kikamba!"

Jioni ile mtoto aliongezewa jina. Alilala usiku kucha, na usiku uliofuata, na akaanza kunenepa. Kukhu tangu siku hiyo alimwita "mume wangu", kama ilivyo desturi, akimlaumu kwa kujikojolea na kwa kutomletea sukari. Mama, ambaye ni mtu wa haki, alinieleza miaka mingi baadaye kwamba nilipokuwa Mombasa alimrudisha mtoto kliniki, wakakuta sikio limejaa usaha, wakampa dawa ya matone. Huenda ilikuwa sikio. Nimekuwa muuguzi maisha yangu yote, nimeyaona masikio ya aina hiyo, na najua maumivu yake. Ila hakuna tone lililomfanya baba aache kusema uongo kuhusu baba yake. Tangu siku hiyo babu alikuwa na kifo kimoja, na baba alikisimulia mwenyewe kwa wageni, pamoja na kofi.

Jiwe tulilizika Bungoma Desemba ile, kando ya nyumba ya Kukhu, kwa nyimbo na chai. Na Kukhu alipofariki, akiwa mzee sana, Nairobi, katika nyumba ya ndugu yangu Wilson Makokha kule Kileleshwa, tulimsafirisha kwa basi kwenda kumlaza kando ya jiwe hilo. Ndugu yangu ni mhandisi. Haamini kitu ambacho hakiwezi kupimwa, na Kibukusu hajui zaidi ya salamu. Hadithi hii aliisikia utotoni mpaka akaichoka. Safari nzima alikaa karibu na jeneza akitazama simu yake.

Tulipokaribia daraja la Nzoia nilianza kuinuka, kwa sababu nilijua kazi ile ni yangu. Nikakuta ameshaweka simu chini. Alikuwa amelaza kiganja juu ya jeneza na kuinamisha kichwa, na alikuwa anaongea Kiswahili chetu cha Nairobi.

"Kukhu, tumefika kwa maji. Tunavuka sasa. Usibaki hapo, sawa? Mzee anakungoja."

Akaona namtazama, akaona haya kidogo.

"Ataelewa tu," akasema. "Si mimi nililetwa kwa Kikamba?"